Nguo kama Kipimo cha Mwili Unaopungua

Mtu anayepungua mwili huambiwa na nguo kabla hajaambiwa na kioo. Suruali iliyokuwa ikimbana huanza kupwaya kiunoni, mkanda husogea tundu moja, kola ya shati huacha kumkaba. Anayenenepa naye huonywa na kifungo. Kipimo hiki kina umri mkubwa kuliko mizani ya nyumbani, lakini maana yake imegeuka sana katika miaka mia mbili hivi iliyopita. Zamani nguo iliufuata mwili. Tangu viwanda vilipoanza kushona kwa saizi, mwili ndio unaotakiwa kuifuata nguo, na kuanzia hapo nguo ikapata uwezo wa kumtia moyo mtu anayejaribu kupungua, au wa kumvunja moyo kabisa.

Katika Ulaya ya karne ya 18, fundi alimpima mteja kwa ukanda mrefu wa karatasi au wa ngozi nyembamba usio na namba yoyote. Aliuzungusha kifuani akakata alama ndogo kwa mkasi, akashuka kiunoni akakata nyingine, kisha bega, mkono, mguu. Ukanda ule ukawa wa mteja yule mmoja tu; kwa mtu mwingine haukuwa na kazi. Futi ya kamba yenye inchi ilienea mwanzoni mwa karne ya 19, na hapo ndipo ilipowezekana kulinganisha kiuno cha huyu na cha yule kwa hesabu. Kabla ya hapo hapakuwa na saizi ya kujivunia wala ya kuonea haya. Isitoshe, kitambaa kilikuwa ghali kuliko kazi ya kushona, kwa hiyo mafundi waliacha akiba ndani ya mishono ili nguo iachiwe au ipunguzwe baadaye. Magauni mengi ya wanawake yalifungwa kwa kamba na pini, na gauni moja liliweza kumhudumia mwenyewe akiwa mjamzito na baada ya kujifungua. Ni kweli koseti zilikuwapo na zilibana, ila zilikusudiwa kulipa umbo sura fulani, si kumpunguza mtu unene.

Mfano mzuri wa nguo kutumika kama ushahidi wa kupungua unatoka kwa mshairi Mwingereza Lord Byron. Katika mtaa wa St James's jijini London kulikuwa na duka la kahawa na mvinyo, ambalo leo linaitwa Berry Bros & Rudd. Duka hilo lilikuwa na mizani kubwa ya kupimia bidhaa, na tangu 1765 wateja wake walipenda kuikalia ili wajue uzito wao, nao ukaandikwa kwenye daftari. Byron alipimwa hapo mwaka 1806, akiwa kijana wa miaka 17, akakutwa na kilo 88 hivi. Mwaka 1811 alikuwa kilo 62. Katikati ya miaka hiyo alikula kwa kujinyima na kufanya mazoezi akiwa amevaa vizibao saba na koti zito juu yake, akicheza kriketi kwa mavazi hayo mpaka ajae jasho. Jasho ni maji, na maji hurudi mtu akinywa, kwa hiyo bila shaka njaa ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko vizibao. Lakini alipomwandikia wakili wake Aprili 1807 kumweleza maendeleo yake, alitaja mbavu zilizoanza kuonekana, akaongeza kwamba nguo zake zimepunguzwa karibu nusu yadi. Nguo hapa zinatoa habari tu. Mwili umepungua, fundi amepunguza, na hakuna aliyewekewa suruali ndogo mbele yake kama shabaha.

Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1863, William Banting, mtayarishaji wa mazishi wa London ambaye familia yake ilihudumia maziko ya kifalme, alichapa kijitabu kuhusu unene wake. Alikuwa na urefu wa sentimita 165 na uzito wa kilo 92 hivi, umri ukikaribia miaka 66. Hakuweza kuinama kufunga viatu vyake, na ngazi alizishuka kinyumenyume ili magoti na vifundo vya miguu visiumie. Daktari wa masikio, William Harvey, ndiye aliyemtaka aache mkate, sukari, bia na viazi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alipungua kilo 21, na sentimita 31 kiunoni. Banting alitoa hesabu zote mbili, uzito na mzunguko wa kiuno, na hii ya pili ni hesabu ya fundi cherehani. Kijitabu chake kiliuzwa sana hata jina lake likawa kitenzi cha Kiingereza cha kujinyima chakula. Katika Kiswidi kitenzi hicho kinatumika mpaka leo.

Wakati Banting akiandika, upande wa pili wa bahari jambo lililokuja kuigeuza nguo lilikuwa likiendelea. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilihitaji sare za askari kwa mamia ya maelfu, na viwanda havikuweza kumpima kila mtu. Vipimo vya askari vilionyesha kwamba miili ya wanaume hujirudia kwa makundi, kiasi kwamba kipimo cha kifua kiliweza kukisia sehemu nyingine za koti. Nguo za wanaume zilizoshonwa tayari zikashika soko. Za wanawake zilichelewa kwa miongo kadhaa, kwa sababu gauni la enzi hizo lilibana kifua na kiuno kwa namna isiyokubali kukisiwa.

Mtu mmoja alilitambua tatizo hilo mapema. Lena Bryant, mhamiaji kutoka Lithuania, alifungua duka la ushonaji New York mwaka 1904 na kupata umaarufu kwa nguo za wajawazito. Yeye na mumewe Albert Malsin, aliyekuwa mhandisi, walipima maelfu ya wateja wao na kuona jambo ambalo viwanda vingine havikulijali: mwanamke mnene si mwanamke mwembamba aliyekuzwa. Mmoja amejaa kifuani, mwingine nyongani, mwingine tumboni. Anayechukua kielelezo cha mwembamba na kukiongeza inchi sawasawa kila upande atapata gauni linalopwaya mabegani na kubana makalioni. Duka lao, Lane Bryant, lilijengwa juu ya ugunduzi huo.

Mitindo ya miaka ya 1920 ikaongeza uzito wa jambo. Gauni la wakati huo lilishuka moja kwa moja kutoka bega hadi goti, bila koseti ya kukaza chochote. Kwa kiwanda lilikuwa jepesi kushona. Kwa mvaaji lilidai mwili wenyewe uwe mwembamba, kwa kuwa kazi iliyofanywa zamani na kamba za koseti sasa ilibidi ifanywe na chakula. Haishangazi kwamba kitabu cha daktari wa California, Lulu Hunt Peters, kilichotoka 1918 kikifundisha kuhesabu kalori, kilisomwa sana katika muongo huo huo, na kwamba mizani ndogo ya bafuni ilianza kuingia majumbani wakati huo.

Kilichokosekana bado ni namba moja inayotambuliwa na wote. Mwaka 1939 na 1940, idara ya kilimo ya Marekani ilituma wapimaji katika majimbo kadhaa chini ya Ruth O'Brien na William Shelton. Walipima wanawake karibu 15,000, kila mmoja sehemu 59 za mwili. Kazi ilikuwa kubwa lakini ilipinda tangu mwanzo: waliojitokeza walivutwa na malipo madogo yaliyotolewa, na hesabu ya mwisho iliwachukua wanawake wazungu tu. Kutokana na takwimu hizo serikali ilitangaza mwaka 1958 kiwango cha saizi za nguo za wanawake, namba zikianzia 8 na kupanda hadi 38, pamoja na alama za urefu na za upana wa nyonga. Saizi 8 ya kiwango hicho ilikuwa na kiuno cha inchi 23 na nusu, yaani sentimita 60.

Kiwango hicho hakikuwa cha lazima na watengenezaji hawakukipenda. Kililegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kikaondolewa kabisa 1983. Kila kampuni ikabaki na uhuru wa kuandika namba iliyotaka, na namba zikaanza kushuka huku nguo zenyewe zikipanuka. Sababu ni ya kibiashara: mwanamke anayeingia kwenye saizi ndogo kuliko alivyotarajia hutoka dukani akiwa amenunua. Saizi 8 ya leo ina kiuno kinachozidi kile cha 1958 kwa inchi kadhaa, na chini yake zimeongezwa saizi mpya mpaka sifuri.

Kwa anayepungua mwili, saizi hizi za kumbembeleza mteja ni mtego. Anaweza kushuka kilo nane, akavaa 10 katika duka moja na kufurahi, kisha duka la jirani likamrudisha kwenye 14 siku hiyo hiyo. Mwili wake haujabadilika kati ya milango miwili, ila moyo umebadilika. Watafiti wa masoko waliochapisha kazi zao mwaka 2012 na 2014 walithibitisha kwamba lebo ina nguvu hiyo. Namba ndogo humfanya mtu ajione mwembamba zaidi katika fikra zake, hasa yule asiyeridhika na sura yake. Namba kubwa kuliko alivyozoea humfanya aidharau nguo yenyewe, na wengine hujifariji kwa kununua vitu visivyo na saizi.

Historia ya vikundi vya kupunguza uzito inaonyesha nguo na mizani vikisaidiana na kugombana. Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa Queens, New York, alikuwa na kilo 97 na alivaa gauni saizi 44 mwaka 1961, siku mwanamke mmoja dukani alipomsifu kisha akamuuliza anatarajia kujifungua lini. Alianza kukutana na marafiki nyumbani kwake kila wiki, akafika kilo 64 Oktoba 1962, na mwaka uliofuata akaanzisha Weight Watchers. Mikutano yake iliegemea mizani ya kila wiki. Hata hivyo matangazo ya biashara hii yalizoea kuonyesha kitu kingine: mtu amesimama ndani ya suruali yake ya zamani, ameuvuta mshipi wake mbele kuonyesha nafasi iliyobaki. Namba ya kilo haionekani pichani. Suruali iliyopwaya inaonekana.

Tukio maarufu kuliko yote la namna hii lilionekana kwenye televisheni tarehe 15 Novemba 1988. Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, aliingia jukwaani akivuta kigari chenye kilo 30 hivi za mafuta ya wanyama, kiasi alichokuwa amepungua, naye amevaa jinzi ya Calvin Klein saizi 10. Kwa miezi minne alikuwa ameishi kwa vinywaji maalumu bila chakula kigumu. Jinzi ilimkaa siku ile. Kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, wiki mbili baada ya kurudi kwenye chakula cha kawaida uzito ulikuwa umeanza kurudi, na jinzi hiyo haikumtosha tena. Nguo ya shabaha ina udhaifu huo: inashuhudia kwamba mtu amefika, haisemi kama njia aliyopita inaweza kuendelea.

Tangu wakati huo kipimo chenyewe kimelegea kwa maana halisi. Uzi unaovutika wa spandeksi ulibuniwa na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958, ukikusudiwa kwanza nguo za ndani za kubana. Ulipochanganywa na pamba ya jinzi, ukazaa suruali inayomkubali mtu akiongezeka kilo nne bila kulalamika. Jinzi ya pamba tupu ilikuwa shahidi mkali zaidi, ingawa nayo hubana ikitoka kufuliwa na kuachia baada ya kuvaliwa siku mbili.

Afrika Mashariki ilipokea namba hizi kwa njia ya mtumba. Kanga, iliyoenea pwani tangu mwishoni mwa karne ya 19, inauzwa kwa doti na haina saizi, kwa hiyo haimshitaki mvaaji. Marobota ya mtumba yalileta lebo za nchi tofauti, ambapo 8 ya Marekani ni kama 12 ya Uingereza, na mnunuzi akaamua kuzipuuza zote. Yeye huzungusha kiuno cha suruali shingoni. Ncha mbili zikikutana kisogoni, itamtosha. Ikipwaya kidogo, fundi mwenye cherehani pembeni mwa soko ataipunguza kwa bei ndogo, akiufuata mwili kama mafundi wa zamani. Kipimo cha shingo humdanganya zaidi mwenye kitambi, kwa kuwa tumbo huongezeka haraka kuliko shingo.

Hata madaktari wameirudia nguo. Roy Taylor wa Chuo Kikuu cha Newcastle, mtafiti wa kisukari cha aina ya pili, alishauri mwaka 2021 kwamba mtu asiyeweza tena kuvaa suruali ya saizi aliyovaa akiwa na miaka 21 amebeba mafuta kuliko mwili wake unavyoweza kuyahifadhi salama. Kigezo hicho kina faida ya kumlinganisha mtu na nafsi yake badala ya chati ya taifa, lakini kinategemea mahali suruali inapovaliwa. Kipimo rasmi cha kiuno, ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa cha hatari kubwa kikizidi sentimita 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke, huchukuliwa katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Wanaume wengi wanaponenepa huiteremsha suruali chini ya kitambi, wakaendelea kuvaa saizi ile ile kwa miaka kumi na kuamini kwamba hawajaongezeka.