Kosa Lao Lilikuwa Kusoma

Kwa Kiganda, mtu aendaye kanisani Jumapili "anasoma". Neno okusoma ni kusoma kwetu kule kule kwa pwani. Lilifika Buganda na misafara ya Waarabu na Waswahili, na huko likabebeshwa mzigo wa pili: kusali, kushika dini. Ndiyo maana tarehe 26 Mei 1886, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipowakusanya vijana wa ikulu pale Munyonyo, kando ya ziwa, amri yake haikuhitaji maelezo. Wanaosoma waende kule kwenye ua wa matete. Wasiosoma wabaki karibu naye.

Karoli Lwanga, mkubwa wa vijana hao, akatangulia. Wengine wakamfuata, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Alikuwa ameshikilia muda mrefu kwamba anataka ubatizo, na Lwanga alimbatiza usiku uliotangulia, kwa sababu asubuhi haikuwa na dalili njema.

Tumezoea kuwachora vijana hawa, mashahidi wa Uganda, kama maskini wasio na chochote. Sivyo. Vijana wa ikulu walipelekwa pale na wazazi wao na machifu ili wakuzwe mbele ya macho ya mfalme. Aliyempendeza Kabaka leo, kesho alipewa ardhi, watu na cheo. Hatua chache kuelekea ule ua zilikuwa hatua za kuyapa mgongo hayo yote. Na kumpendeza Mwanga kulikuwa na upande mwingine: aliwataka vijana kimwili, na wale wanaosoma walimkatalia. Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa nyumba ya mfalme, na Lwanga baada yake, walifanya juu chini kuwaficha wadogo asiwaone.

Lakini walijifunzia wapi? Mwalimu mmoja wa mwanzo alikuwa Mwafrika, Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja. Msafiri Stanley alimwacha kwa Kabaka Mutesa mwaka 1875, akawa anafundisha kwa Kiswahili. Waanglikana walifika 1877, na mmoja wao, Alexander Mackay, akaja na mashine ya kuchapia. Mapadre Weupe wa Kikatoliki wakafuata mwaka 1879, akiwemo Padre Siméon Lourdel. Mwishoni mwa 1882 mapadre hao waliondoka, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo, wasirudi hadi Julai 1885. Hapo ndipo mimi husimama kidogo. Kwa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padre. Walifundishana wenyewe kwa wenyewe, usiku, majumbani. Waliporudi, mapadre walikuta kundi limeongezeka.

Mutesa alikufa 1884, na Mwanga akatawazwa akiwa kijana asiyefikisha miaka ishirini. Januari 31, 1885, vijana watatu wa Kianglikana, Marko Kakumba, Nuhu Serwanga na Yusufu Lugalama, walikatwa mikono na kuchomwa moto huko Busega. Husimuliwa kwamba waliimba hadi mwisho, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Kiswahili.

Mwanga hakuwa kichaa, ingawa ni rahisi kumsimulia hivyo. Mwaka huo Wajerumani walikuwa wanajitwalia nchi bara ya Tanganyika, na Waganda waliamini kwamba atakayewameza atatokea mashariki. Oktoba, Askofu James Hannington alitokea huko huko mashariki, kupitia Busoga. Akauawa kwa amri ya Kabaka. Balikuddembe alimwambia bwana wake usoni kwamba amekosea. Novemba 15 alikatwa kichwa. Kabla ya hapo alimtuma mnyongaji amfikishie Mwanga salamu: amemsamehe, ila atubu.

Kutoka Munyonyo vijana walifungwa kamba, wakatembezwa hadi Namugongo. Wengine waliuawa njiani. Kuni zilikusanywa kwa siku kadhaa. Mkuu wa wanyongaji, Mukajanga, alikuwa na shida yake mwenyewe: mmoja wa wafungwa, Mbaga Tuzinde, alikuwa kijana wa nyumbani kwake. Alimbembeleza aseme tu kwamba ameacha, au akubali kufichwa. Kijana akakataa yote mawili. Basi asubuhi ya Juni 3, siku ya Kupaa Bwana, kabla ya kumweka kwenye kuni, wanyongaji waliamriwa kumpiga kijana huyo rungu la shingo. Ndicho kilichobaki ambacho baba angeweza kumfanyia. Wenzake walifungwa katika mikeka ya matete na kulazwa juu ya kuni wakiwa hai, moto ukianzia miguuni. Lwanga alichomwa peke yake, polepole, mahali ambapo leo pana basilika. Vijana watatu walisamehewa dakika za mwisho, akiwemo Denis Kamyuka, na mengi tunayoyajua yalitoka vinywani mwa walionusurika.

Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu mwaka 1964. Waanglikana huhesabu wao 23. Wasichosimuliwa sana mahujaji wa Juni 3 ni kwamba pale pale Namugongo, mwaka 1876, Mutesa aliwachoma makumi ya vijana Waislamu waliokataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Wala hawaambiwi sana kwamba mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti, waliokufa bega kwa bega pale kwenye kuni, walipigana kwa bunduki Mengo.

Na Mwanga? Mwaka 1888 alipinduliwa. Akakimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa, akatangatanga, mwisho akapokewa na mapadre wa Bukumbi, wale wale. Mwaka uliofuata Wakristo ndio waliompigania hadi akarudi kwenye kiti chake. Waingereza wakaja kumkamata mwaka 1899, wakampeleka visiwa vya Shelisheli. Huko alibatizwa, akaitwa Danieli, akafariki mwaka 1903. Kwa Kiganda, basi, naye alikufa akisoma.