Injini kuukuu ikizimika gari likisimama, usikimbilie bisibisi

Na MWANDISHI WETU

YEYOTE aliyewahi kuendesha Land Rover ya zamani kutoka Kitengela kuelekea mjini Kajiado huenda anaijua hali hii. Gari linakwenda vyema barabarani, lakini likifika penye msongamano wa matatu au kizuizi cha polisi, injini inaanza kutetemeka, inakohoa mara mbili tatu, kisha inazima.

Kasi hiyo ya chini ya injini, gari likiwa limesimama na mguu haujagusa pedali ya mafuta, mafundi wa jua kali huiita 'sailensi'. Ikiharibika, dawa inayotolewa mara nyingi ni moja tu. Fundi huchukua bisibisi, akakaza skrubu ya kabureta, injini ikanguruma kwa nguvu, naye mwenye gari akalipa na kuondoka. Haupiti muda mrefu kabla hajarudi.

Ukweli ni kwamba skrubu hiyo haiponyi ugonjwa, huuficha tu. Gari huendelea kunywa petroli kupita kiasi, gia hugoma kuingia, na kasoro yenyewe huzidi kukua. Skrubu inafaa kuwa hatua ya mwisho wala si ya kwanza.

Tena jambo hili si la usumbufu pekee. Busta ya breki katika magari mengi ya petroli hutegemea nguvu ya injini ya kufyonza hewa. Injini ikizima katikati ya mteremko, kwa mfano katika barabara ya Magadi kutoka Kona Baridi, pedali ya breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache, na gari lililobeba mbuzi au mapipa ya maji huwa vigumu kusimamisha.

Mwinuko na vumbi

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mnamo Aprili 30, 1948. Nchini Kenya, kiwanda cha Thika kilichoanzishwa 1974 kwa jina Leyland Kenya kilikuwa miongoni mwa vilivyounganisha magari hayo. Aina ya Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, ingali inaonekana katika mashamba na maboma ya Kajiado, sawa na Land Cruiser za miaka hiyo.

Kaunti hii huyasumbua magari hayo kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwinuko. Kitengela iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari na mji wa Kajiado takriban mita 1,700, ilhali Magadi iko karibu mita 600 tu. Katika mwinuko wa Kitengela, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15. Kabureta haina akili ya kutambua tofauti hiyo. Gari lililorekebishwa Mombasa likifika Kitengela hupata petroli nyingi kuliko hewa, hutoa moshi mweusi na kutetemeka likisimama. Kwa hivyo, kabureta irekebishwe mahali ambapo gari hufanyia kazi siku nyingi.

Ya pili ni vumbi la barabara za murram, ambalo hupenya kila mahali na kuziba njia ndogo za hewa na mafuta.

Kwanza, hewa

Anza na kichujio cha hewa. Land Rover nyingi za zamani zina kichujio chenye bakuli la oili badala ya karatasi. Kifungue, mwaga oili chafu, safisha bakuli na wavu kwa mafuta ya taa, vikauke, kisha tia oili safi ya injini hadi kwenye alama. Usizidishe, kwani oili iliyozidi hufyonzwa na injini. Kichujio cha karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na kikichakaa hubadilishwa.

Kisha tafuta mahali ambapo injini huvuta hewa ya wizi. Mipira iliyokauka kwa jua hupasuka, nayo gasketi iliyo chini ya kabureta hulegea. Injini ikiwa inanguruma, sikiliza mluzi mwembamba, halafu nyunyiza maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye maungio ya kabureta na manifoldi, mbali na nyaya za plagi. Mlio wa injini ukibadilika, umepata tundu. Kamwe usinyunyize petroli kwa jaribio hili, kwa sababu cheche moja yatosha kuliteketeza gari.

Ishara nyingine ni injini kubadilisha mlio au kuzima kila unapokanyaga breki. Hapo shuku busta ya breki au mpira wake. Kasoro hiyo irekebishwe kabla ya safari nyingine yoyote.

Pili, cheche

Ng'oa plagi zote na uzipange kwa utaratibu ulizozitoa, kwani rangi zake husimulia hali ya injini. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu meusi huashiria petroli nyingi, weupe huashiria hewa nyingi, na unyevunyevu wa oili huashiria ringi au vali zilizochakaa.

Kwa injini ya petroli ya Land Rover yenye silinda nne na ujazo wa cc 2,286, mwanya wa plagi huwa kati ya milimita 0.75 na 0.80, nao mwanya wa pointi ndani ya distributa kati ya milimita 0.35 na 0.40. Pima kwa fila geji, wala si kwa jicho. Pointi zilizoungua zibadilishwe pamoja na kondensa. Chunguza pia kifuniko cha distributa, kwa sababu ufa mwembamba kama unywele huweza kuvujisha umeme. Nyaya mbovu huonekana usiku, gizani, zikitoa vicheche vya buluu.

Tatu, mafuta

Petroli inayobebwa kwa mitungi hadi mashambani mara nyingi huja na maji na uchafu. Safisha kichujio cha pampu na utazame kama kuna matone ya maji chini ya kikombe chake. Kadhalika, mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya injini igongegonge na kutetemeka. Mnamo 2018, serikali ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kupunguza tofauti ya bei iliyowavutia walaghai. Nunua mafuta katika kituo unachokiamini.

Ndani ya kabureta, jeti inayolisha injini wakati wa sailensi ina tundu dogo mno, na chembe moja ya vumbi hutosha kuiziba. Ipulize kwa hewa. Usiichokoe kwa waya, kwani utaupanua mwanya na kabureta haitarekebishika tena. Katika kabureta aina ya Zenith, iliyofungwa kwenye Land Rover nyingi, angalia pia pete ndogo ya mpira iliyo ndani na iwapo kifuniko cha juu kimepinda. Kasoro hizo mbili humfanya mwenye gari akimbilie kununua kabureta nzima katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ilhali pete na gasketi zingetosha.

Nne, vali

Ikiwa hewa, cheche na mafuta ni sawa na bado injini inayumba, pima mwanya wa tapeti. Kwa injini iliyotajwa hapo juu, mwanya huo ni milimita 0.25.

Jambo hili lina historia yake. Mataifa ya Afrika yaliyo kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, yaliacha petroli yenye madini ya risasi mwanzoni mwa 2006. Kampeni ya kimataifa iliyoongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake Gigiri, Nairobi, ilikamilika Julai 2021 Algeria ilipokuwa nchi ya mwisho kuiacha. Hatua hiyo ilikuwa ya manufaa makubwa kwa afya ya watoto. Hata hivyo, risasi ilikuwa ikilinda viti vya vali katika injini za zamani. Pale ambapo viti hivyo si vya chuma kigumu, vali huzama polepole, mwanya wa tapeti hupotea, na kompresheni huvuja.

Kwa hivyo, tapeti zilizonyamaza ghafla si lazima ziwe njema. Pima kompresheni ya kila silinda. Ikiwa moja iko chini sana kuliko nyingine, hakuna skrubu itakayoiponya. Kichwa cha injini sharti kifunguliwe na viti vigumu vitiwe.

Mwisho, skrubu

Sasa bisibisi ina kazi. Pasha injini moto hadi joto lake la kawaida, hakikisha choki imefunguka, na uzime taa zote. Hesabu mizunguko ya skrubu kabla ya kuigusa ili uweze kuirejesha ilipokuwa.

Zungusha skrubu ya mchanganyiko polepole hadi injini inapotulia na kwenda kasi zaidi. Kisha punguza kasi kwa skrubu ya mwendo. Rudia hatua hizo mbili hadi injini inaposimama imara kwenye kasi iliyoandikwa katika kitabu cha gari, ambayo kwa injini nyingi za namna hii ni kati ya mizunguko 500 na 700 kwa dakika. Usiikaze skrubu ya mchanganyiko hadi mwisho kwa nguvu, kwani ncha yake huharibika.

Wenye Land Cruiser za dizeli wafuate njia tofauti. Wabadilishe kichujio, wamwage maji yaliyotuama, watoe hewa kwa pampu ya mkono, kisha nozeli zipimwe. Skrubu za pampu ya dizeli ziachiwe fundi mwenye mashine ya kupimia.

Tahadhari

Fanya kazi mahali pa wazi, kwani moshi wa ekzosi huua kimyakimya. Weka mawe kwenye magurudumu, na uvue shuka, shanga au chochote kinachoweza kunaswa na feni.

Ukimaliza, endesha gari hadi Isinya na kurudi. Simama, washa taa, ukanyage breki, na usikilize. Injini ikiendelea kunguruma kwa utulivu bila kuongezewa mafuta, umeuondoa ugonjwa wenyewe.