Chini Mafuta, Juu Chokaa

Madarasa mengi ya shule za msingi yaliyojengwa Kenya na Tanzania miaka ya sitini na sabini yana ukuta uliokatwa mara mbili. Chini ni rangi ya mafuta inayong'aa: kijivu, bluu, kijani kilichokolea, au ile damu ya mzee ambayo wengi wetu tuliiegemea miaka saba mfululizo. Juu ni nyeupe au krimu isiyong'aa, ambayo ukiifuta kwa kiganja inakuachia unga. Katikati, mara nyingi, umepita mstari mwembamba mweusi. Ukuta huohuo utaukuta zahanati, kituo cha polisi, posta na kwenye korido za hospitali ya wilaya.

Waliouanzisha hawakuwa wakitafuta urembo. Rangi ya mafuta ni ghali lakini huoshwa. Chokaa ni rahisi lakini haioshwi. Basi ile ya ghali ikapakwa mpaka pale tu mikono, mabega na migongo ya viti inapofika, na kutoka hapo kwenda juu pesa ikaokolewa. Mwanafunzi wa darasa la kwanza hawezi kuchafua ukuta ulio futi nane juu yake, kwa nini ulipiwe kana kwamba anaweza?

Hesabu hiyo ni ya kale. Vitruvius, msanifu wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliagiza kwamba chumba kinachopata unyevu kipigwe plasta ya vigae vilivyopondwa, badala ya ile ya mchanga, kuanzia sakafuni hadi futi 3 hivi. Pompeii, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, una vyumba vingi ambavyo kuta zake zimegawanywa kwa mpango unaofanana na huo: chini mkanda mzito, mara nyingi mweusi au mwekundu, katikati uwanja wenye picha, na juu rangi nyepesi. Matajiri wa huko walichora marumaru ya kuigiza kwenye ule mkanda wa chini. Hata wao hawakupoteza picha nzuri mahali pa kupigwa na miguu ya viti.

Lakini ukuta tunaoujua sisi ulipata nguvu zake Uingereza katika karne ya 19, na mtu wa kumtaja kwanza ni Florence Nightingale. Mwaka 1859, katika kitabu chake kuhusu uuguzi, alizipanga kuta kwa ubaya wake. Mbaya kuliko zote ni iliyobandikwa karatasi. Inafuata ya plasta tupu, ingawa hiyo huokolewa kwa kupakwa chokaa mara kwa mara. Iliyo bora katika zote zilizokuwapo wakati huo, alisema, ni ya rangi ya mafuta, kwa sababu uchafu unaotoka kwenye miili ya watu unaweza kuoshwa ukatoka. Nightingale wakati huo aliamini kwamba magonjwa huletwa na hewa chafu. Habari ya vijidudu ilikuwa bado haijathibitishwa. Sababu aliyoishika haikuwa sahihi, lakini ndoo ya maji na sabuni ilifanya kazi vilevile. Vijidudu vilipokuja kuthibitishwa miongo michache baadaye, ukuta wa kuoshwa ukawa sharti la hospitali.

Nyumba za wenye nacho nazo zilikuwa na ukuta uliogawanywa, tena kwa madaha. Frederick Walton, aliyevumbua linoliamu ya sakafuni, alitoa mwaka 1877 zulia gumu la ukutani lenye nakshi, Lincrusta, na likapendwa sana kwa sehemu ya chini ya kuta za korido na ngazi. Kwa askari, wagonjwa na watoto wa shule nakshi haikuhitajika. Wao walipewa rangi nzito ya mafuta chini na rangi ya maji ya chaki juu, na utaratibu huo ukasafiri na majengo ya serikali ya kikoloni mpaka huku kwetu. Anayedhani ni jambo la mkoloni peke yake aangalie ngazi za maghorofa ya iliyokuwa Urusi ya Kisovieti: chini bluu au kijani ya mafuta, juu chokaa nyeupe. Huko Mwingereza hakufika kupaka. Bajeti ndiyo iliyofika.

Kijani cha hospitali kina kisa chake. Mwaka 1914 daktari wa upasuaji Harry Sherman, wa hospitali ya St. Luke's huko San Francisco, alichoshwa na chumba cheupe. Macho yaliyokuwa yakitazama damu chini ya taa kali yakiinuliwa kwenye weupe huo yalipofuka kwa muda. Akaagiza sakafu na sehemu ya chini ya ukuta iwe ya kijani cha mchicha, rangi inayokabiliana na wekundu wa damu, na juu pabaki peupe. Hapa, kwa mara moja, rangi yenyewe ilichaguliwa kwa kazi yake. Shuleni ilichaguliwa kwa sababu haionyeshi alama za vidole.

Afrika Mashariki ilianza kupata rangi ya kiwandani kwa karibu zaidi pale kampuni ambayo leo ni Crown Paints Kenya ilipoanzishwa mwaka 1958. Jina lake la kwanza lilikuwa Walpamur, la kampuni ya Darwen, Lancashire, iliyojulikana kwa rangi ya maji.

Kuukata ukuta kunataka fundi mtulivu. Hupima kimo kwenye kona moja, kisha hukihamishia kona nyingine kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, maana ukifuata sakafu utafuata makosa ya aliyeimwaga. Uzi hupakwa unga wa rangi, watu wawili huuvuta ukakaza, mmoja huunyanyua kidogo na kuuachia upige ukuta. Juu hupakwa kwanza, kwa sababu chokaa hudondoka. Matone yakikauka hukwanguliwa, ukuta wa chini hupigwa msasa na praima, kisha mikono miwili ya mafuta. Ule mstari mweusi huja mwisho, kwa brashi ya nusu inchi, na kazi yake hasa ni kuficha pale rangi mbili zilipokutana vibaya. Fundi mzuri haudai. Mkandarasi hulipia hata hivyo.

Kuna haraka moja isiyosamehewa: kupaka mafuta kwenye plasta mbichi. Chokaa na saruji ambazo hazijakauka zina alikali, nayo hugeuza mafuta yaliyo ndani ya rangi kuwa sabuni. Rangi inabaki ikinata, halafu inavuka kama ngozi.

Mwambao ndipo hesabu hii ilipogonga mwamba, tena mwamba wa matumbawe. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zimejengwa kwa mawe hayo na chokaa yake, iliyopatikana kwa kuyachoma juu ya rundo la magogo na kuyazima kwa maji. Kuta zake, pamoja na vidaka vya plasta vya Lamu vya karne ya 18, hupandisha unyevu wenye chumvi kutoka ardhini na kuutoa polepole kupitia chokaa. Ukija na rangi ya mafuta ukaziba mita moja ya chini, maji hayana pa kutokea. Chumvi huganda nyuma ya rangi, huisukuma, na baada ya masika mawili matatu ukuta umevimba malengelenge huku sehemu ya juu, ile ya rahisi, ikiwa salama. Vitruvius angelielewa: kwa ukuta usiokauka kabisa alishauri ujengwe mwingine mwembamba mbele yake, pabaki nafasi na matundu ya hewa. Wanaotengeneza majengo ya Mji Mkongwe, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, huhimizwa warudie chokaa, juu na chini.

Sababu ya kiuchumi ya rangi mbili ilianza kufa mwaka 1948, kampuni ya Glidden ya Cleveland ilipotoa Spred Satin, rangi ya maji ya ukutani inayovumilia kuoshwa. Ila kabla ya hapo rangi mbili zilikuwa zimeshazaa chombo kingine. Magari ya miaka ya 1920 yalipendwa yakiwa na rangi mbili, na wapakaji waliharibu kazi kila walipobandua karatasi zilizogandishwa kwa gundi kali. Richard Drew wa 3M, huko Saint Paul, aliwaona, na mwaka 1925 akatoa tepu ya karatasi inayobanduka bila kung'oa rangi. Tepu hiyo ndiyo inayotumiwa leo na vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanaopaka chumba cha kulala kijani cha zeituni chini na krimu juu, kwa picha aliyotumiwa fundi kwenye simu. Ndoo zote mbili bei moja. Wanapenda tu, na mimi naona hukumu yao si mbaya: dari fupi huonekana imeinuka.

Majengo ya zamani yana deni lingine. Rangi ya mafuta kwa miongo mingi ilitiwa risasi, na tayari mwaka 1904 daktari Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, aliandika kwamba rangi ya nyumba ndiyo iliyokuwa ikiwadhuru watoto aliowatibu. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ulipitishwa Geneva mwaka 1921. Kenya na Tanzania leo zina kikomo cha sehemu 90 kwa kila milioni, lakini kikomo hicho ni cha rangi inayouzwa sasa. Hakifiki kwenye tabaka zilizolala chini yake, nazo ziko kwenye kimo kilekile cha mabega ya mtoto. Shule inayotaka kupaka upya ukuta wa miaka hiyo ipige msasa wa maji badala ya mkavu, iokote maganda yote, na ifanye kazi hiyo likizoni.