Kisangani: Mji Uliozaliwa na Maporomoko

Nguzo za Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya Kisangani, hazina msumari hata mmoja. Ni miti migumu na mirefu, iliyochomekwa kwenye nyufa za mwamba pale ambapo mto Kongo unaporomoka kwa ngurumo, kisha ikafungwa kwa kamba za mitambaazi ya msituni. Kwenye viunzi hivyo huning'inizwa migono: vikapu vikubwa vyenye umbo la pia, vilivyosukwa kwa fito, mdomo ukielekea kule maji yanakotoka. Samaki anayesukumwa na mkondo huingia. Akitaka kutoka, mkondo ule ule umekwisha kumfungia mlango. Mara mbili kwa siku wavuvi hupanda, hukanyaga miti inayoteleza kwa povu, huvuta migono na kutazama riziki. Kila nafasi kwenye mwamba ina wenyewe, na mtoto huirithi kwa wazee wake.

Simulizi nyingi za Kisangani huanza na Mzungu kuwasili. Mimi naanza na mgono, kwa kuwa Wagenia walikuwapo kabla ya wote, na kwa kuwa kazi yao inaonyesha vizuri kuliko ramani yoyote kwa nini mji uko pale. Kutoka Ubundu hadi Kisangani, katika masafa ya kilomita 100 hivi, mto unashuka maporomoko saba. Chini ya poromoko la mwisho maji hutulia, na chombo kikiondoka hapo kinaweza kuteremka kilomita 1,734 hadi Kinshasa. Lakini hakuna meli iliyowahi kupanda maporomoko yale. Kila mzigo sharti ushushwe, na kila msafiri sharti atafute pa kulala.

Jina lenyewe ni la Kiswahili. Kwa Kiswahili cha huko, kisanga ni kisiwa, basi Kisangani ni kisiwani. Mtu wa Pwani akisikia neno hilo atafikiria balaa, maana kwetu kisanga ni jambo la kushtua. Hajapotea sana.

Henry Morton Stanley alipita hapo Januari 1877, akiburuza mitumbwi nchi kavu poromoko baada ya poromoko. Hadi karibu na huko hakuwa peke yake. Kutoka Manyema alisindikizwa na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Tippu Tip. Waliagana mwishoni mwa Desemba 1876, Hamed akarudi nyuma. Alikuwa amekwisha kujua njia inaelekea wapi, na miaka michache baadaye watu wake walishuka mto kutoka Nyangwe na Kasongo hadi kwenye maporomoko. Stanley aliporudi mwaka 1883, safari hii akitokea upande wa baharini kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alikuta vijiji vya kandokando ya mto vimechomwa na wakazi wametekwa. Tarehe 1 Desemba mwaka huo aliacha kituo kwenye kisiwa cha Wana Rusari, chini ya fundi mmoja wa Kiskoti aliyeitwa Binnie. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kuzaliwa kwa mji.

Hapa pana jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna budi kulitazama usoni. Lugha yetu ilifika Kisangani kwa msafara wa pembe na mateka. Mwaka 1886 kituo cha Leopold kilishambuliwa na kutekwa na watu wa Tippu Tip baada ya ugomvi juu ya mwanamke mtumwa aliyekimbilia kwa Wazungu kuomba hifadhi. Jina lake halimo katika masimulizi makubwa ya tukio hilo. Majina ya maofisa yamo yote. Leopold, alipoona hana nguvu ya kupigana, akamfanya mshindi kuwa mtumishi wake. Februari 1887, mjini Zanzibar, Hamed alitia saini mkataba wa kuwa wali wa wilaya ya Stanley Falls, yaani ya maporomoko yale, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa akawa mwakilishi wa mfalme aliyeutangazia ulimwengu kwamba amekwenda Kongo kukomesha utumwa.

Baadaye Hamed alirudi Zanzibar na kuandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Ni katika tawasifu za kwanza kabisa za lugha yetu, na yafaa isomwe kwa heshima ya lugha na uzito wa moyo kwa pamoja. Kule Kongo mambo yaliishia kwa bunduki: vita vya 1892 hadi 1894 viliuvunja utawala wa Waarabu na Waswahili, na mpwa wake Rashid, aliyemwachia Stanley Falls, akashindwa. Mabwana wakabadilika, biashara ya pembe ikaendelea, na mpira wa msituni ukaongezwa juu yake, kwa mateso ambayo Kongo haijayasahau.

Ila lugha ilibaki. Wamisionari waliofungua misheni ya Saint-Gabriel mwaka 1897 waliikuta, na soko nalo halikuiacha. Kiswahili kilichotoka mashariki kikakutana na Kilingala kilichopanda mto pamoja na meli na askari, na mpaka leo mtu wa Kisangani huanza sentensi kwa hiki na kuimaliza kwa kile.

Mwaka 1906 Wabelgiji walimaliza reli ya kilomita 125 kutoka ukingo wa kushoto hadi Ponthierville, yaani Ubundu ya leo. Maporomoko yakazungukwa, na Stanleyville, kama mji ulivyokuwa ukiitwa, ukawa makutano ya treni na meli. Joseph Conrad alikuwa amekwisha kupita mwaka 1890 kwa meli ya Roi des Belges, na safari hiyo ikazaa riwaya yake ya giza. V. S. Naipaul alifuata na riwaya yake mwaka 1979. Ni waandishi wakubwa, sikatai. Linaloniuma ni kwamba kwao mji huu ni mahali pa mgeni kupotelea, wakati kwa maelfu ya watu ulikuwa mahali pa kupata kazi, kusoma na kuoa.

Mmoja wa watu hao alikuwa karani kijana wa posta aliyetoka Kasai, Patrice Lumumba. Hapa ndipo alipojifunza siasa, na hapa ndipo chama chake cha MNC kilipofanya mkutano Oktoba 1959, ukafuatiwa na ghasia zilizoua watu wapatao 30 na yeye mwenyewe kutiwa ndani. Alipoondolewa katika uwaziri mkuu mwaka uliofuata, ni Stanleyville alikokuwa akikimbilia alipokamatwa njiani. Antoine Gizenga aliongoza serikali ya wafuasi wa Lumumba kutoka mji huo.

Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji. Waliamini kwamba risasi zitageuka maji, nao wakiyaita mai, kama Kongo nzima ya mashariki inavyotamka. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa. Vita vya Maji Maji vya 1905 vilikuwa na imani hiyo hiyo. Waliwaua Wakongo wengi mbele ya mnara wa Lumumba, wakashika mamia ya wageni. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walirushwa kutoka ndege za Marekani. Magazeti ya dunia yaliwahesabu Wazungu waliokufa mmoja mmoja. Wakongo waliouawa na waasi, na kisha na waliokuja kuwafukuza waasi, walihesabiwa kwa maelfu ya kukadiria. Mwaka 1966 Rais Mobutu aliufutia mji jina la Stanley.

Kisha ikaja Juni 2000. Majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia Kongo yakiwa washirika, yalikuwa yameshagombania mji huu Agosti 1999 na tena Mei 2000. Kila upande ulikuwa na kundi lake la waasi. Mmoja wa viongozi wa makundi hayo alikuwa Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Almasi ilikuwa na nafasi yake katika ugomvi. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni, makombora yaliruka juu ya mto Tshopo, upande mmoja ukiwa kaskazini na mwingine mjini. Zaidi ya makombora 6,600 yaliangukia mji wa watu. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulitaja raia zaidi ya 760 waliokufa na 1,700 hivi waliojeruhiwa. Watu walikaa siku sita chini ya vitanda, bila maji wala umeme, wakazika maiti uani.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile, Ituri na kwingineko pamoja na Kisangani. Waliokuwa watoto chini ya vitanda vile walikuwa wamekwisha kuwa wazazi.

Leo Kisangani ni makao makuu ya mkoa wa Tshopo, uliokatwa kutoka Mkoa wa Mashariki mwaka 2015. Ina tarafa sita, ina chuo kikuu kilichoanzia mwaka 1963, ina lituma, ndizi za kupondwa ambazo mwenyeji akiwa mbali huzililia. Baiskeli za abiria huitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite, ingawa pikipiki zimezipunguza sana. Tangu 2023 ugomvi wa Wambole na Walengola juu ya ardhi umewakimbiza maelfu kutoka Lubunga, tarafa ya ng'ambo ya mto.

Hapa Kisangani daraja juu ya mto Kongo halijajengwa. Anayetoka Lubunga huvuka kwa mtumbwi, amekaa kati ya mikungu ya ndizi na baiskeli zilizolazwa, maji yakigota ubavuni. Bei hupatanwa kwa Kiswahili, noti huhesabiwa kwa Kilingala, na juu mtoni, nyuma ya sauti zote hizo, ngurumo ya poromoko la saba inasikika.