Kontroli Boksi na Utabibu wa Injini

Kabla ya mwaka 1967, ambapo kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitia D-Jetronic, mfumo wa kuingiza petroli kwa umeme, katika Volkswagen 1600, maradhi ya injini aghalabu yalitambulikana kwa sikio, pua na ncha ya bisibisi, kwani kabureta haikuwa na siri mbele ya fundi hodari. Mwaka 1979 ikadhihiri Motronic ndani ya BMW 732i, petroli na cheche zikawa chini ya hukumu ya kompyuta moja, ndiyo kontroli boksi.

Katika Toyota za mwanzo wa miaka ya 1990, ambazo mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, wanazijua vyema, asiye na mashine ya kupimia huchukua kipande cha waya, akaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, akafungua swichi, kisha akahesabu mimweko ya taa ya dashibodi: mmoja, kituo kifupi, minne, yaani 14, ishara ya cheche hairudi. Huo, kwa rai yangu, ni utabibu kamili. Akishaondoa shaka ya nyaya na fyuzi, ndipo hulifungua boksi, na mara nyingi hukuta kapasita zimevuja na kula njia za shaba.

Kubadilisha boksi kulikuwa kutafuta la mtumba lenye namba ile ile, illa ilipokuja immobilaiza, kinga ya wizi, boksi zima likakataa kuwasha gari mpaka lifundishwe ufunguo.