Bibi Miliza Korjus na Sauti Yake

Leo tutasoma habari za Bibi Miliza Korjus, mwimbaji wa opera. Kwanza tulielewe neno hili. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wachezaji wake hawasemi maneno yao, bali huyaimba, na wapigaji wa fidla, zumari na tarumbeta huwafuatisha. Sauti ya kike iliyo ya juu kupita zote huitwa soprano. Sauti ya Bibi Korjus ilipanda juu sana, tena ilikimbia, noti nyingi katika pumzi moja. Si waimbaji wengi wawezao hivyo.

Alizaliwa mwaka 1909 mjini Warsaw, ambao siku hizo ulitawaliwa na mfalme wa Urusi. Baba yake alikuwa askari mwenye cheo, Mwestonia. Estonia ni nchi ndogo kaskazini ya Ulaya, kando ya bahari ya Baltic. Hata leo watu wake hawafiki milioni moja na nusu. Vita Kuu ya Kwanza na mapinduzi ya Urusi viliwatawanya watu wengi, na jamaa hii pia. Baba akawa Estonia. Mtoto akakaa na mama yake Kiev, katika Ukraine. Huko akaanza kujifunza muziki chuoni, kisha akasafiri akiimba katika kwaya iitwayo Dumka.

Sasa tazameni ramani. Mwaka 1927 kwaya hiyo ilifika Leningrad, mji ambao leo huitwa Saint Petersburg. Oneni jinsi mpaka wa Estonia ulivyo karibu! Miliza, hajatimiza bado miaka ishirini, akauvuka, akamfikia baba yake. Kwaya na mji aliokulia akaviacha nyuma.

Akaimba Estonia na nchi za jirani, na mwaka 1933 akapata kazi katika opera kubwa ya Berlin, Ujerumani. Magazeti yakamwita ndege mwimbaji wa Berlin. Lakini jambo lililobadili maisha yake halikutokea jukwaani. Alikuwa ameimba katika santuri, na santuri, kama mjuavyo, huenda mahali ambapo mwimbaji hajafika. Bwana Irving Thalberg, mtengenezaji mkubwa wa sinema kule Hollywood, Marekani, alizisikia. Akampa mkataba wa miaka kumi bila kumwona hata mara moja! Mimi nadhani bwana huyo alikuwa na imani kubwa katika masikio yake. Akafa mwaka 1936, kabla sinema yenyewe haijatengenezwa.

Sinema ilitoka mwaka 1938. Jina lake ni The Great Waltz, nayo yahusu Johann Strauss, mtungaji wa muziki wa Vienna. Bibi Korjus alikuwa miongoni mwa waliotajwa kushindania zawadi ya Oscar, ingawa hakuipata.

Kisha ukaja mwaka 1940. Alipata ajali ya motokaa, mguu wake ukapondwa, hata ikawa karibu ukatwe. Mwaka huo huo Estonia ilimezwa na Urusi ya Kisovieti, na haikupata tena uhuru wake mpaka mwaka 1991. Mguu wake haukukatwa. Alikwenda Mexico, akacheza katika sinema nyingine huko, na mwaka 1944 alisimama kuimba katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York.

Baadaye alikaa Los Angeles, akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya santuri, iitwayo Venus, akauza humo nyimbo zake za zamani. Alifariki mwaka 1980.

Lakini kuna jambo moja sijawaambia. Sinema ile ya mwaka 1938 ilionyeshwa pia katika Urusi ya Kisovieti, nayo ikapendwa mno. Basi watu wa nchi ile aliyoikimbia waliingia sinema, wakaketi gizani, wakamsikiliza.

Kabla ya somo lijalo, tafuteni katika ramani Warsaw, Kiev, Saint Petersburg na Berlin. Kwa herini.