Busisi baada ya kivuko: historia ya kupunga upepo ziwani

Tangu Daraja la John Pombe Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, msafiri wa Mwanza kwenda Geita huvuka Ziwa Victoria kwa dakika chache bila kushuka garini. Zamani hakuwa na ujanja: lazima asimame akisubiri kivuko, Kigongo akitoka Mwanza, Busisi akirudi. Na huko kusubiri, pamoja na karaha zake zote, ndiko kulikowafanya watu wengi waufahamu ufukwe wa Busisi.

Vivuko vya MV Misungwi, MV Sengerema na MV Mwanza vilibeba barabara nzima ya kwenda Sengerema, Geita na Kagera. Safari ya majini ilikuwa fupi, ila foleni ingeweza kula saa kadhaa. Mwanzoni mwa 2025 magugu maji yalitanda njiani, vivuko vikakwama na foleni ikazidi. Mwenye mgonjwa wa kupelekwa Hospitali ya Bugando alihesabu kila dakika kwa uchungu. Asiye na haraka alishuka, akanunua sato wa kukaanga kwa mamalishe au nanasi lililokwisha kumenywa, akatafuta kivuli na kupunga upepo.

Jiwe la msingi la daraja liliwekwa Desemba 2019. Leo nguzo zake zimelibeba kwa takriban kilomita tatu juu ya maji, likiwa na njia za waenda kwa miguu, na gharama yake imepita shilingi bilioni 700. Limeondoa adha kubwa, na hakuna mkazi wa Sengerema anayetamani foleni irudi. Limeacha swali moja tu: ufukwe ambao msafiri hana tena sababu ya kusimama hapo utakuwa wa nani?

Historia ya Mwanza mjini ina jibu. Mkabala na Capri Point kipo kisiwa alichoishi Mzee Saanane Chawandi, akivua na kulima. Mwaka 1964 Serikali ilianzisha hapo bustani ya kwanza ya wanyama ya umma nchini. Mzee akahama, jina lake likabaki. Shabaha ilikuwa watu wa kawaida wawaone wanyamapori kwa karibu, wajifunze kuwahifadhi, na wapate pa kupumzikia. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane.

Ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 tu, maji yake yakihesabiwa humo. Lakini tazama inavyowafaa watu. Boti hufika baada ya dakika chache. Pimbi wanaota jua juu ya mawe makubwa, swala pala wanajilia majani taratibu, na chini ya miti familia zimetandika kanga na kufungua hotpoti za pilau. Ng'ambo ya pili, Capri Point imejaa hoteli na majumba ya kifahari. Saanane imebaki ya wote kwa sababu ilitengwa mapema, kisha kila kizazi kikaiongezea ulinzi.

Kiangazi ndicho kinachoonyesha thamani ya ardhi ya namna hii. Kati ya Juni na Septemba mvua huwa haba na jua huwaka sawasawa. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na ile ya ziwani, iliyo baridi, huja kuziba pengo. Ndiyo maana alasiri watu wa Mwanza huteremka kuelekea majini, wengine wakaishia kupiga picha kwenye Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga. Upepo huo ni wa bure, na asiye na feni nyumbani anauhitaji kuliko mwingine yeyote.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, pamoja na zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Ukanda huo, ukipandwa miti ya asili na kuwekewa mabenchi, unatosha kuwa bustani ya Busisi. Nyuma yake viwepo vyoo na mabomba ya maji safi, maana maji ya ukingoni yenye konokono huambukiza kichocho, na mtoto mwenye bomba karibu hana haja ya kuingia ziwani kunawa. Mamalishe waliopoteza wateja wa foleni wapewe vibanda nyuma ya ukanda huo, kwa sababu anayekuja kutazama daraja jioni atataka kula samaki.

Kazi hii haihitaji mabilioni ya daraja. Inahitaji Halmashauri ya Wilaya ya Sengerema ipime eneo, iweke mipaka inayoonekana, na iitangaze kuwa ardhi ya umma kabla ya uzio wa kwanza kusimama. Mwaka 1964 Mwanza ilikuwa bado mji mdogo, na wachache wangedhani kisiwa kimoja kingekuja kuwa pumziko la jiji zima. Busisi nayo bado ni ndogo, barabara imeshafika, na wanunuzi wa viwanja hawako mbali. Uamuzi ufanywe sasa.